Mcheza Kwao Hutunzwa: Historia Fupi ya Hadhira ya Ngoma, kutoka Gishora hadi Gasorwe

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji wowote una pande mbili: fanani na hadhira. Baada ya hapo mara nyingi hujifunza mengi kuhusu fanani, yaani sauti yake, mavazi yake, ubunifu wake na nafasi yake katika jamii. Hadhira hupewa aya moja au mbili, kwamba hushangilia, huitikia na pengine hukosoa, kisha somo huendelea. Katika makala haya tunakusudia kuigeuza meza kidogo. Tutaangalia historia ya hadhira yenyewe, yaani ya watu ambao kazi yao ni kufika, kukaa au kusimama, kutazama, kusikiliza, na kurudi tena wiki, mwezi au mwaka unaofuata.

Mfano wetu mkuu ni ngoma za kifalme za Burundi, hasa zile za kilima cha Gishora karibu na mji wa Gitega. Kutoka hapo tutakwenda Ulaya, ambako opera na bale zilijijengea watazamaji wao wa kudumu. Tutapita pwani ya Waswahili, Nairobi na kwingineko. Kisha tutamalizia Gasorwe, kaskazini mashariki mwa Burundi, mahali ambapo watu waliopoteza kwao walilazimika kuwa hadhira upya. Hoja yetu ni kwamba hadhira ya kudumu ni sehemu ya sanaa yenyewe, na kwamba anayeiondoa hadhira hiyo huondoa kitu ambacho jukwaa, rekodi wala cheti cha urithi haviwezi kukirudisha.

Maneno yenyewe yanatuambia nini?

Kwa kuwa wasomaji wetu ni walimu na wanafunzi wa lugha, ni vyema tuanze na msamiati.

Neno hadhira lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa maneno hudhuria, mahudhurio na hadharani. Maana ya msingi katika ukoo huu wa maneno ni kuwapo. Hivyo basi, hadhira kwa Kiswahili ni watu waliopo. Linganisha na lugha za Ulaya: Mfaransa humwita mhudhuriaji wa bale kwa neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha anayetazama, na Mwingereza huiita hadhira nzima kwa neno linalotokana na kusikia. Wao walitaja jicho na sikio. Kiswahili kimetaja mwili mzima wa mtu uliofika mahali.

Neno opera linatokana na Kilatini kwa maana ya kazi. Bale linatokana na Kiitaliano, kutoka katika kitenzi cha kucheza au kudansi. Lakini hapa katika eneo la Maziwa Makuu neno hili lina historia ya pekee. Mapema katika miaka ya 1950 Fodéba Keita, msanii kutoka Guinea, aliunda huko Paris kikundi kilichoitwa Les Ballets Africains. Guinea ilipopata uhuru mwaka 1958, kikundi hicho kikawa cha taifa. Tangu wakati huo, katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, neno bale limekuwa jina la kikundi cha ngoma za asili. Kikundi cha taifa cha Rwanda, Urukerereza, kwa Kifaransa huitwa bale ya taifa. Kwa hiyo mtu wa Gitega au Muyinga anayesema kwa Kifaransa kwamba alikwenda kutazama bale huenda hakuona viatu vya ncha wala sketi za shashi. Huenda aliona mikuki, njuga na ngoma.

Tunabaki na neno ngoma. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima pamoja na watu wake. Tunaposema "jana kulikuwa na ngoma," hatutaji chombo tu. Kwa Kirundi ingoma ni chombo na pia ni ufalme au enzi ya utawala. Mrundi wa zamani hakuhitaji maneno mawili kutaja ngoma na utawala. Tofauti hii ndogo ya maana inatusaidia kuelewa hadhira ya Gishora ilikuwa nani.

Gishora: hadhira ya ufalme

Kwa mujibu wa masimulizi ya Burundi, makao ya Gishora yalianzishwa na Mwami Ntare Rugamba katika karne ya 19, baada ya kumshinda chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Ulinzi wa ngoma za mahali hapo ulikabidhiwa ukoo maalumu, na kazi ya kupiga ikarithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ngoma mbili zinazoheshimiwa zaidi hapo ni Ruciteme, yaani ile ambayo kwa ajili yake watu hufyeka msitu, na Murimirwa, yaani ile ambayo kwa ajili yake watu hulima. Ni majina ya utii na ya kilimo kwa pamoja.

Juu ya ngoma zote ilikuwapo Karyenda, alama kuu ya ufalme. Karyenda haikuonekana ovyo. Ilitolewa katika sherehe ya umuganuro, mwezi Desemba, mwami alipobariki upandaji wa mtama. Ngoma nyingine, Rukinzo, ilifuatana na mwami na kutangaza kuamka na kulala kwake. Karyenda ilikuwa hata na mke, mwanamke aliyeitwa Mukakaryenda, aliyekabidhiwa kuihudumia. Tulikumbuke jina hili, maana tutalirudia.

Umbo la mchezo wenyewe limedumu. Wapigaji huingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga na kuimba. Huzipanga katika nusu duara, na idadi yake kwa desturi haigawanyiki kwa mbili. Katikati huwekwa inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe hushikilia mapigo yasiyobadilika, na ibishikizo hufuata mwito wa inkiranya. Kila mpigaji huja mbele kwa zamu, huruka, hucheza, hupiga inkiranya, kisha humwachia mwenzake. Mwisho ngoma hurudi vichwani na kikundi hutoka kama kilivyoingia.

Je, mtazamaji alikuwa nani? Kwanza alikuwa mwami mwenyewe, kwani mchezo ulimhusu yeye. Lakini umuganuro haukuwa karamu ya watu wachache wa ndani. Watu walihitaji kujua kwamba mtama umebarikiwa ili nao wapande. Mkulima aliyefika na kushuhudia alirudi nyumbani na ruhusa ya kuanza mwaka. Na nusu duara ile, ukiitazama vizuri, ina upande mmoja ulio wazi. Upande huo ni wa watu. Tunaweza kusema kwamba hadhira ndiyo iliyokamilisha duara.

Burundi ilikuwa na namna nyingine pia za kuhudhuria. Katika ivyino, nyimbo za kupiga makofi na kuitikiana, ni vigumu kabisa kutenganisha anayecheza na anayetazama. Kwa upande mwingine kulikuwa na inanga, zeze la nyuzi lililochongwa kama sinia refu la mti, ambalo mpigaji wake huimba kwa kunong'ona. Joseph Torobeka alikuwa miongoni mwa mafundi wake waliojulikana sana. Mnong'ono hausikiki penye kelele. Kwa hiyo inanga ilidai wasikilizaji wanaokaa karibu na kunyamaza. Dhana kwamba hadhira ya Kiafrika daima ni ya makelele na ile ya Ulaya daima ni ya kimya haina msingi.

Opera na bale: ukimya uliokuja baadaye

Historia ya Ulaya yenyewe inathibitisha jambo hilo. Opera ilianza kama burudani ya nyumba za watawala. L'Orfeo ya Monteverdi ilionyeshwa Mantua, Italia, mwaka 1607 mbele ya wageni wa mtawala. Miaka 30 baadaye, mwaka 1637, ukumbi wa San Cassiano ulifunguliwa Venice kwa yeyote aliyeweza kununua tiketi. Nchini Ufaransa, Mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alicheza bale, alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661, na chuo cha opera kikafuata mwaka 1669. Mwami na ngoma yake, mfalme na bale yake: mwanzo haukutofautiana sana.

Tofauti ilikuja kwa mtazamaji wa kudumu. Familia tajiri zilikodi vyumba vidogo ukumbini kwa msimu mzima. Ndani yake watu walikula, walicheza karata, walipokea wageni na kuzungumza biashara. Taa ziliwaka muda wote, maana watu walikwenda kuonana. Mtu aliyeona kazi moja mara nyingi katika msimu mmoja hakuhitaji kusikiliza kila neno. Alinyamaza ulipofika wimbo alioupenda. Huko Paris, katika karne ya 19, wanaume waliolipia msimu waliruhusiwa kuingia hadi chumba cha wacheza bale nyuma ya jukwaa, na haikuwa kwa mapenzi ya sanaa peke yake. Wasichana wengi waliocheza walitoka katika nyumba maskini. Hadhira ya kudumu inaweza kuwa mlezi, na inaweza pia kuwa mnyonyaji.

Ukimya tunaouhusisha na opera uliimarika baadaye. Mwaka 1876, Richard Wagner alifungua ukumbi wake huko Bayreuth, Ujerumani, akazima taa za upande wa watazamaji na kuwaficha wapigaji muziki chini ya jukwaa. Mtazamaji aliachwa gizani, uso mbele. Desturi hiyo ilienea, na leo wengi huidhania kuwa ya tangu mwanzo.

Hata hivyo, mtazamaji wa kudumu hakukubali kunyamaza moja kwa moja. Katika ukumbi wa La Scala, Milan, wapenzi wa opera wanaokaa katika viti vya juu kabisa, vya bei nafuu, wanaogopwa na waimbaji kuliko wakosoaji wa magazeti. Tarehe 10 Desemba 2006 walimzomea Roberto Alagna alipokuwa akiimba Aida. Akatoka jukwaani, na mwimbaji wa akiba akaingia na nguo zake za kawaida ili onyesho liendelee. Watu hao walikuwa na haki gani? Waliijua kazi ile kwa miaka, na walifika kila msimu. Mamlaka yao yalitokana na kuhudhuria.

Pwani: hadhira inayotunza

Tukirudi kwetu, Aida hiyo hiyo inatupeleka kwenye mlango wa Afrika. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza duniani mjini Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, katika jumba la opera lililojengwa na Khedive Ismail na kufunguliwa mwaka 1869. Kipindi hicho hicho Sayyid Barghash alitawala Zanzibar, kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kwamba kutoka hapo taarabu ikaanza kusikika katika jumba la kifalme. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na muziki ukatoka ikulu kuelekea kwa wanachama. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, aliufikisha kwa watu wa Ng'ambo kwa Kiswahili chao.

Taarabu ilikuza hadhira ya aina yake, ambayo Kiswahili kina kitenzi maalumu kwayo: kutunza. Mtu husikia ubeti unaogusa habari zake, huinuka, huenda mbele kwa madaha na kumpa mwimbaji fedha. Kwa kitendo hicho huwaambia waliopo kwamba maneno yale ni yake, na jirani yake aliye upande wa pili huelewa nani amelengwa. Maana ya ubeti hukamilika pale anapoinuka mtu. Ndiyo maana tuna methali isemayo "mcheza kwao hutunzwa." Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi kwamba kutunza hapa kuna maana mbili zinazokaa pamoja: kumpa tuzo, na kuhifadhi kitu kisiharibike. Hadhira ya nyumbani hufanya yote mawili.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza ngoma nyingi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Ngoma ya beni, iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilisafiri na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara. Katika beni, vyama kama Arinoti na Marini vilishindana mitaani, na washabiki walijua wako upande gani. Kiswahili kilichofika bara kilifika pamoja na namna hizi za kukusanyika.

Ngoma inapopanda jukwaani

Huku nyuma, mambo yalibadilika Burundi. Wajerumani walianzisha kituo cha Gitega mwaka 1912. Wabelgiji wakaingia mwaka 1916. Chini ya shinikizo la utawala wa kikoloni na wamisionari, umuganuro ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1966, ufalme wenyewe ulifutwa. Ngoma za Gishora zilibaki bila mwami na bila sherehe iliyowaita watu kila Desemba. Ni kama opera iliyopoteza jumba lake na msimu wake kwa pamoja.

Zilipata hadhira nyingine. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi ngoma na nyimbo za Burundi, na rekodi ikatolewa na Ocora mwaka uliofuata. Mwaka 1971 mapigo hayo yaliwekwa chini ya piano na gitaa katika santuri iliyoitwa Burundi Black, na mwaka 1975 Joni Mitchell aliyatumia katika wimbo wake mmoja. Mwaka 1982 wapigaji wenyewe walipanda jukwaa la tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza. Baadaye walizunguka dunia.

Hatuna sababu ya kulidharau jambo hili. Safari hizo ziliwapa wapigaji kipato na heshima. Lakini hadhira ya tamasha huona onyesho mara moja. Hufurahia kuruka na nguvu. Haiwezi kujua kama kijana huyu amepiga vizuri kuliko babake, au kama mwito wa inkiranya umepotoshwa. Mtazamaji wa juu kule La Scala angeweza kuzomea. Mtazamaji wa Shepton Mallet angeweza tu kushangilia. Sanaa inayoshangiliwa tu, bila mtu wa kuikosoa, hupoteza mwalimu wake.

Waliobaki na uwezo huo walikuwa watu wa nyumbani. Katika miongo iliyofuata ngoma ziliingia katika harusi, mahafali, mikutano na sherehe za mitaa, na vikundi vya vijana viliongezeka. Vikundi vya wasichana navyo vilianza kuonekana. Hadhira ya kudumu ilikuwa inajijenga upya, safari hii bila mwami.

Suala la kibali

Novemba 2014, UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Oktoba 2017, ilitolewa amri ya rais iliyoweka masharti mapya. Ngoma zilitengewa shughuli rasmi. Anayetaka kuzitumia katika shughuli nyingine alipaswa kupata kibali cha wizara inayohusika na utamaduni na kulipa faranga 500,000 za Burundi. Wanawake walikatazwa kupiga ngoma, wakaachiwa kucheza dansi zinazoandamana nazo. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kulinda urithi usigeuzwe biashara ovyo.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ngoma iliyokuwa alama ya nchi kupigwa katika kila hafla ni jambo linaloweza kumkera mzee wa Gishora. Na kuhusu wanawake, watetezi wa katazo hutaja mila. Lakini mila hiyo hiyo ilimweka Mukakaryenda karibu na Karyenda kuliko mwanamume yeyote wa kawaida, na hata sehemu za ngoma ya Kirundi hupewa majina ya mwili wa mama. Nchini Rwanda, mwaka 2004, Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake wapigaji katika mji wa Huye, kikikutanisha wanawake wa pande zote mbili za historia ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mila zinazokaribiana zilipewa majibu mawili tofauti.

Kwa mada yetu, jambo zito zaidi ni faranga 500,000. Kiasi hicho hulipwa na mwenye shughuli, lakini anayekikosa kwanza ni jirani aliyekuwa akisimama kando ya uwanja wa harusi, bila mwaliko, na kutazama. Mtu huyo hakununua tiketi kamwe, na hakuna takwimu zinazomhesabu. Ndiye aliyekuwa hadhira ya kudumu.

Afrika Mashariki inalijua suala hili. Oktoba 1976, Ukumbi wa Taifa wa Kenya, uliofunguliwa mwaka 1952, ulitoa siku chache tu kwa tamthilia za Wakenya, ikiwamo The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, kwa kuwa nafasi ilikwisha kutolewa kwa kikundi cha bale kutoka Ufaransa na mchezo wa vichekesho wa Nairobi City Players. Bale yenyewe haikuwa na kosa. Swali lilikuwa: ukumbi wa taifa ni wa hadhira ipi? Jibu lilitolewa na watazamaji wenyewe. Wimbo wa mwisho ulipoimbwa, walijiunga na waigizaji na kutoka nje wakicheza kuelekea hoteli ya Norfolk iliyo ng'ambo ya barabara, hadi polisi walipowazuia.

Mwaka uliofuata, kijijini Kamiriithu, wakazi waliojenga uwanja wao wa maonyesho walihudhuria mazoezi ya Ngaahika Ndeenda na kusahihisha lugha na matendo ya waigizaji. Novemba 1977 kibali kilifutwa. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Na mwaka 1982 uwanja ule ulibomolewa. Watawala hawakutishwa na maandishi peke yake. Walitishwa na watu waliofika kila Jumapili.

Gasorwe: kwao ni wapi?

Sasa twende Gasorwe. Ni eneo la vilima ambalo lilikuwa komini ya mkoa wa Muyinga, hadi marekebisho ya mwaka 2025 yalipopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na Muyinga ikaingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza. Muyinga inapakana na Tanzania, na kupitia njia ya Kobero wafanyabiashara wamekizoea Kiswahili muda mrefu. Mwaka 2002, kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Gasorwe kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo. Waliingia na lugha zao za nyumbani, na Kiswahili cha Kongo kikawa daraja lao, kwa wao kwa wao na kwa wenyeji.

Hapa methali yetu inapata taabu. Ikiwa mcheza kwao hutunzwa, basi mcheza ugenini atatunzwa na nani? Mtu wa kambini hana ukumbi, hana msimu, na kisheria hata kilima anachokaa si chake. Lakini kambi za UNHCR kwa kawaida huadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kwa ngoma, maigizo na kwaya. Kila Jumapili kwaya za makanisa huimba kwa Kiswahili mbele ya watu wale wale, wanaokaa mahali pale pale, na wanaojua sauti ipi ilikosekana wiki hii. Kwa maana tuliyoitoa mwanzoni, hiyo ni hadhira kamili: watu waliopo.

Burundi yenyewe imewahi kuwa na hadhira iliyokusanyika bila kuonana. Kuanzia mwaka 1997, katikati ya vita, Studio Ijambo ilirusha mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Wahutu na Watutsi waliokuwa wakiogopana barabarani walisikiliza vipindi vile vile na kubishana kuhusu wahusika wale wale. Kuhudhuria kwa sikio kulitangulia kuhudhuria kwa miguu.

Na wapo Warundi ambao nao ni wageni kwingine. Katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, wapigaji wa Amahoro, wakimbizi kutoka Burundi, hupiga ngoma zilizozaliwa katika vilima kama Gishora. Tangu mwaka 2014 kambi hiyo ina tamasha liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na Menes La Plume, Mkongo aliyekuwa mkimbizi hapo. Wamalawi hupanda mabasi kwenda kambini kutazama, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi. Mgeni amekuwa mwenyeji, na mwenyeji amekuwa hadhira. Inastaajabisha kwamba, baada ya amri ya 2017, Mrundi wa Dzaleka aliweza kupiga ngoma mbele ya majirani zake kwa urahisi kuliko Mrundi wa Gitega katika harusi ya dada yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba opera na bale za Ulaya, taarabu ya Unguja na ngoma za Gishora zote zilianza katika nyumba za watawala, na kwamba zote zilipata uhai mpya zilipofikiwa na watu wa kawaida waliorudi mara kwa mara. Tumeona pia kwamba hadhira hiyo inaweza kupotea kwa njia tatu: kwa kufutwa sherehe inayoiita, kwa kubadilishwa na wageni wa siku moja, na kwa kuwekewa gharama isiyoimudu. Gishora imepitia zote tatu katika muda wa karne moja.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika shule zake za msingi. Walimu waliopo huko, na wale wanaofundisha watoto wa Kirundi na wa Kikongo kambini, wana nafasi ambayo idara nyingi hazina. Tunapendekeza wafanye mambo matatu. Kwanza, somo la fasihi simulizi lipewe zoezi la kuhudhuria: mwanafunzi afike katika utendaji mmoja ule ule angalau mara tatu, iwe kwaya, ngoma au ivyino, na aandike hadhira ilifanya nini kila mara. Pili, wazee waliokuwa watazamaji waulizwe maswali kama wanavyoulizwa wapigaji. Mpigaji atakueleza alivyofundishwa; mtazamaji wa miaka 40 atakueleza ni nini kimebadilika. Tatu, maneno ya hadhira yakusanywe katika Kirundi, Kinyamulenge, Kifuliiru, Kibembe na Kiswahili: watu husemaje wanapofurahi, wanapochoka, wanapodharau? Msamiati huo hautaonekana katika rekodi yoyote ya ngoma, kwa kuwa mwenye kinasa sauti huwaomba watu wanyamaze.

Ngoma za Gishora zimeandikwa katika orodha ya dunia, na hilo ni jema. Waliokuwa wakisimama upande wa wazi wa nusu duara hawajaandikwa popote. Wengi wao ni wazee sasa, na kazi ya kuwasikiliza inaweza kuanza muhula ujao.